Jina la Mlango wa Nne

Saa kumi na mbili na robo jioni, Kipkurui aliwaacha wanawake wakimwogesha mwanawe wa siku mbili, akaaga kwamba anafika kiwandani mara moja kuchapisha kurasa chache na atarudi kabla chai haijapoa. Mkewe, Chepkemboi, alimtazama kutoka kitandani kwa jicho la mwanamke aliyegundua kwamba ameolewa nyumba moja na kompyuta.

Uongo mtupu. Hakuwa anakwenda kuchapisha chochote. Alikuwa anakwenda kumshika mtu.

Kipkurui alizaliwa na shuku. Ni yule mtu ambaye ukimkaribisha chakula huuliza kwanza nani amepika, na ukimsifu hugeuka kuangalia nani amesimama nyuma yake. Hiyo tabia ilimfaa kazini. Watu wa programu hulipwa kwa kushuku.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha chai, cha mtu binafsi, kidogo, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwake upande wa Kabianga. Draya yao ya kukaushia majani iliendeshwa na kompyuta ya mwaka themanini na sita, kubwa kama kabati la nguo, na programu yake ilikuwa imeandikwa kwa Fortran, lugha iliyozeeka kabla Kipkurui hajazaliwa. Jumatatu kabati hilo lingetupwa. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuihamisha programu hiyo kwenye mashine mpya.

Sasa, lugha za siku hizi zina adabu zake. Kabla hujatumia jina lolote unalitangaza juu kabisa: huyu ni nani, atabeba nini. Fortran ya zamani haikuwa na habari na hayo. Ulitaja jina katikati ya kazi na papo hapo jina likawepo. Hakuna aliyeliuliza linatoka wapi. Kama lilianza na herufi yoyote kati ya I na N, mashine iliamua yenyewe kwamba litabeba namba nzima tu, na kipande cha desimali kikakatwa kikatupwa. Tena kila aliyeuza mashine aliongeza lahaja yake. Hii ya hapa haikujisumbua hata kusafisha chumba cha kumbukumbu kabla ya kumpa mgeni. Jina jipya liliingia na kurithi chochote kilichoachwa na aliyekaa humo kabla yake.

Milango ya draya ilikuwa minne. Mitatu ilipewa majina ya watu, na yote yalitangazwa vizuri juu ya programu: OWITI, GEKARA, BIEGON. La nne lilikuwa chini, mstari wa mia mbili na kumi na mbili, limejitokeza tu.

KIMETO.

Halikutangazwa popote. Kipkurui alilitangaza mwenyewe siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi akakuta tangazo lake limefutika. Akaliandika upya, akabadilisha neno la siri. Alhamisi, limefutika. Ijumaa vilevile.

Ufunguo wa chumba cha kompyuta ulikuwa na mtu mmoja tu. Mzee Mosoti, aliyekitunza tangu mashine iletwe, na ambaye Jumatatu angestaafu pamoja nayo. Nani mwingine angetaka kazi iharibike? Na ni Mosoti huyohuyo aliyempigia simu jioni hiyo ya Jumamosi saa kumi na moja, akasema, "Ile tangazo yako imefutika tena. Kuja ujionee."

Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka juu ya michai alipofika. Draya ilikuwa imezimwa tangu Alhamisi ili isafishwe, na kiwanda kizima kilikuwa kimya. Hata mlinzi hakuonekana.

Lakini ndani kulikuwa na harufu.

Chuma cha moto... na majani yaliyoungua.

Kipkurui aligusa ubavu wa draya alipoipita. Baridi. Akaugusa tena, kwa kuwa hakuuamini mkono wake, kisha akaharakisha hadi chumba cha kompyuta.

Mosoti alikuwa ameketi pembeni, koti limefungwa vifungo vyote, mikono juu ya meza. Skrini ya kijani ilikuwa inawaka. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili ulikuwa pale, na juu hapakuwa na tangazo.

"Mzee, tuambiane ukweli," Kipkurui alisema. "Ni wewe unagusa hii kitu?"

"Mimi?" Mosoti alijibu polepole. "Hata simu yangu ni ya kubonyeza."

"Basi ni nani? Ufunguo uko na wewe."

"Ufunguo ni ya mlango, fundi. Hiyo kitu haipitii mlango."

Kipkurui alimtazama vidole. Vilikuwa vidole vinene vya mtu wa kubeba magunia, lakini vilitulia karibu na kibodi kama vinavyotulia vya mtu aliyeizoea. Hilo alilitia akilini. Akavuta kiti, akaketi mahali ambapo angeweza kumwona mzee kwenye kioo cha dirisha.

Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, na sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyejificha kanisa lisimsikie.

"Kipkurui, huyu mtoto ametushinda."

Kwao ni watu wa kanisa, tena mama ni wa kwaya. Lakini mtoto akizaliwa, pazia la chumba cha kulala hufungwa na wanawake wa nyumba hufanya kurenet, yaani kuita. Mtoto huwekewa ugoro kidogo puani, kisha wafu wa ukoo huitwa mmoja mmoja kwa majina. Atakapopiga chafya, yule aliyetajwa ndiye aliyerudi nyumbani. Kipkurui aliyaona hayo kuwa mambo ya akina mama. Hakuyapinga wala hakuyafikiria.

"Tumeita babu yako. Tumeita baba yako mara mbili, hata hakutikisika," mama alisema. "Karibu nusu saa sasa, na ameanza kulegea. Chepkemboi analia. Kuna mtu wa kwa baba yako tumesahau? Mtu alikufia mbali?"

Neno lililomwingia Kipkurui ni kulegea. "Mwacheni apumzike, mama."

"Akikataa wote si vizuri. Fikiria."

"Ngoja basi. Usikate." Aliiweka simu mezani, sauti wazi, akashika kichwa. Upande wa pili alisikia wanawake wakinong'ona, na pumzi ndogo za mtoto, za haraka haraka. Alijaribu kuwakumbuka wajomba na maami, lakini kichwani hakukuwa na mtu.

Mosoti aliitazama ile simu kwa muda mrefu.

"Hebu soma," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi ikawa mnong'ono. "Soma huo mstari. Macho yangu imeisha. Nione kama ni ile ile."

Kipkurui, akili ikiwa nyumbani, alisoma kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Mlango wa nne... Kimeto."

Kwenye simu, mtoto akapiga chafya.

Moja. Kali. Nzito mno kwa kifua cha siku mbili.

Kisha vigelegele vikalipuka, na Chepkemboi akasikika akicheka huku analia. Katikati ya kelele hizo ikaja sauti ya mama yake karibu kabisa na simu.

"Nani ametaja hilo jina hapo?"

"Ni mimi, mama. Nilikuwa nasoma tu..."

"Umelitoa wapi, Kipkurui?"

Simu ikakatika.

Alipoinua macho, mstari wa mia mbili na kumi na mbili ulikuwa bado pale kwenye skrini. Upande wa kushoto ulikuwa mzima. Upande wa kulia palikuwa patupu.

Jina halikuwepo.

Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akaiamuru mashine ilitafute kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilimjibu kwamba jina hilo haijawahi kuliona. Nyuma yake Mosoti alishusha pumzi ndefu, na kwenye kioo cha dirisha Kipkurui alimwona akifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

"Kimeto ni nani?" Kipkurui aliuliza.

"Alikuwa kijana wa kusafisha mlango ya nne," Mosoti alisema. "Aliandikwa kazi nyuma ya wenzake. Obure, ule aliandika hii programu, akaweka jina yake haraka haraka katikati, hakutangaza. Mashine ikakubali. Kila mlango ilikuwa na kipimo. Ikifungwa ni sifuri, ikiwa wazi kabisa ni moja. Siku hiyo Kimeto aliingia ndani akaacha mlango karibu wazi. Nukta nane."

Kipkurui hakuhitaji kuelezwa zaidi. Herufi K. Namba nzima. Nukta nane ilikatwa ikatupwa, na kilichobaki kilikuwa sifuri.

"Skrini ikasema imefungwa," Mosoti aliendelea. "Feni ya draya ikavuta mlango, ikajifunga. Moto ikaingia. Halafu tukasikia anagonga."

"Nani aliwasha?"

Mosoti alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha Kipkurui kuliko yote.

"Chumo. Baba yako. Alikuwa anasimamia draya. Tulimwambia, Chumo, kuna mtu anagonga. Akaangalia skrini, akasema mashine imesema sifuri. Akaangalia tena. Tulisimama hapo sisi wote, fundi, tunangoja mashine ibadilishe maneno." Akafungua kifungo cha mwisho. "Aligonga sana."

Kipkurui alijua kwamba baba yake aliwahi kufanya kazi kiwandani. Hakujua alikuwa kwenye draya, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini aliacha.

"Hakuwa na bibi, hakuwa na mtoto," Mosoti alisema. "Watu wake walihama wakaenda Londiani, na huko pia hawakumwita kwa mtoto yeyote. Waliogopa. Kwa hivyo akabaki hapa. Miaka yote hii amebaki tu hapa."

Shuku ya Kipkurui iliamka yote kwa pamoja. "Mzee, ulijua leo ni siku ya mtoto wangu. Ndiyo maana umeniita."

"Kila mtu hapa alijua umepata kijana."

"Ukaniambia nisome."

"Nilikuambia usome. Kutaja, ni wewe umetaja." Mosoti alichukua ufunguo mfukoni, akauweka juu ya kibodi, akatoka. Hakuaga. Kipkurui alitaka kumkimbilia amkamate shingo, lakini miguu ilikuwa imeshaamua kwenda nyumbani.

Aliukata mlima akikimbia katikati ya michai. Harufu ile haikumwacha hadi mlangoni pake. Pale nje akalivua koti lake, akalitundika kwenye msumari wa ukuta.

Mama yake alikuwa jikoni peke yake, na alikuwa amezima taa.

"Mosoti ameniambia," Kipkurui alisema.

"Basi unajua." Mama hakugeuka. "Baba yako alikuwa akiamka anakwenda kufungua mlango, hakuna mtu. Miaka kumi na tisa. Alinikataza nisitaje hilo jina hapa, na sikulitaja. Hata siku ya kumzika."

"Tutafute jina lingine, mama. Muiteni mwingine."

"Kanisani tutambatiza jina lolote tunalotaka. Lakini aliyeitika ameitika."

"Anataka nini kwa mtoto wangu?"

Mvua ilianza kupiga bati. "Sijui," mama akasema. "Labda ni kulelewa tu. Hakuwahi kupata nyumba, na sasa ameipata. Labda ni hilo tu, na tumlee vizuri." Alifuta uso kwa kitambaa. "Nakuomba usimwonyeshe unamwogopa. Akiwa ni mtoto, utamuumiza. Na kama si mtoto..."

Akamwashiria kwa kidevu aende chumbani.

Chumbani Chepkemboi alikuwa ameketi, mashavu yamerudiwa na damu, furaha imemjaa hadi akashindwa kuificha. Hakuna aliyemwambia lolote, na Kipkurui aliapa moyoni kwamba hatamwambia.

"Umekuja? Njoo umshike," alisema. "Tangu apate jina lake hajalia hata kidogo. Ananyonya vizuri, amepata nguvu. Mama hajaniambia, huyo alikuwa nani kwenu?"

"Mtu wa zamani," Kipkurui alijibu.

"Mtu mzuri?"

"Sijamjua, mama watoto."

Alimpokea mwanawe mikononi. Alikuwa wa moto, si moto wa homa, moto wa kitu kilichokaa karibu na jiko siku nzima. Wanawake walikuwa wamemwogesha kwa sabuni jioni ile ile, lakini nywele zake laini zilinukia majani makavu yaliyoungua. Kipkurui alijiambia kwamba ni koti. Kisha akakumbuka kwamba koti liko nje, msumarini, linanyeshewa.

Alimpenda. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alimpenda mtoto huyo kwa nguvu iliyomuuma kifuani, na hakujua anampenda nani.

Mtoto alikuwa amefumbua macho. Watoto wa siku mbili hawaoni mbali, kila mtu anajua hivyo. Macho yale yalipanda polepole kutoka kifuani hadi usoni pa Kipkurui, yakamkagua paji la uso, pua, kidevu, kama mtu anayetafuta sura ya Chumo katika uso wa mwanawe. Kisha yakatulia.

Chepkemboi alikuwa anatabasamu, anangoja baba amwambie mwanawe neno la kwanza. Kipkurui alifungua mdomo akitafuta maneno ya kumbembeleza mtoto. Yaliyomtoka ni salamu ambayo Mkipsigis humpa mwanamume mzima akikutana naye njiani.

"Chamgei," alinong'ona.

Na alipokwisha kuitamka, akakaza mikono, akashikwa na hofu kwamba atajibiwa.