Sungura Aliyekaa Kwenye Kiti cha Dawudi

Akidi, mke wa mjomba wangu, ameniruhusu nisimulie haya kwa sharti moja: nisiyafanye ya kuchekesha. Nitajaribu. Ila mimi nimeendesha lori kutoka Mombasa hadi Juba, nimelala chini ya lori hilo kwenye mvua za nchi nne, na sijawahi kujifunza namna nyingine ya kusema jambo zito. Mkicheka mahali, lawama ni zangu.

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida, mwaka wa sabini na tano, enzi za utawala wa wanajeshi, mtaani Kamwokya. Mjomba Ojara alikuwa na studio ya picha ya chumba kimoja: pazia la buluu, kiti kisicho na mgongo, na kamera kuukuu ambayo ilibidi uiinamie na kuichungulia kwa juu kama mtu aliyepoteza kitu kisimani. Ukuta wa mbao ulimtenga na Dawudi, fundi cherehani, Mnubi mmoja mpole aliyebana pini midomoni tangu asubuhi hadi jioni. Cherehani yake ilinguruma siku nzima. Tulishaacha kuisikia.

Siku hiyo aliingia kapteni mmoja, akasimama mlangoni akaziba mwanga wote. Kikosi chake, alisema, kilijiita Sungura kwa ajili ya ujanja wa sungura wa hadithi, naye alitaka picha kubwa ya kutundika ofisini.

"Sungura ya porini," alimwambia mjomba. "Si ya kufuga. Leta Ijumaa."

Mjomba alianza kueleza kwamba filamu zimeadimika mjini. Kapteni akamwuliza kwa upole ana watoto wangapi. Mjomba akasema picha itakuwa tayari Ijumaa.

Filamu nilikuwa nayo mimi, na hapa ndipo ninapoanza kujionea haya. Nilitoka Mombasa na filamu tano, nimezificha kwenye gunia la unga kwa werevu ambao niliusifu mwenyewe njia nzima. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walihitaji unga. Iliyobaki ni filamu moja, iliyokuwa imeponyoka guniani na kuviringika chini ya kiti changu. Picha kumi na mbili tu.

Mjomba alikuwa na desturi ya wapiga picha wote wa miaka ile ya uhaba: filamu haiingii kwenye kamera kwa kazi moja. Dawudi alihitaji picha ya kitambulisho. Mimi nilihitaji ya pasipoti. Basi Jumanne asubuhi Dawudi akakaa kitini, mjomba akamwambia atoe pini mdomoni, akazitoa zote isipokuwa mbili alizozisahau pembeni. Hiyo ikawa picha ya kwanza. Ya pili nilikaa mimi, nikatazama mbele kama niliyekamatwa. Kumi zikabaki za sungura.

Akidi alipojua, aliacha kuosha vyombo. Kwao, alisema, mwindaji akimnasa sungura hai hamfungi kwa kamba ile aliyojifunga mwenyewe kiunoni. Sungura wa hadithi akifungwa mtini humwambia mpita njia, nishikie nafasi kidogo, narudi sasa hivi. Na mpita njia hushika.

"Filamu ni kamba," alinong'ona. "Mnawafunga pamoja, mtu na sungura."

Mjomba alimjibu kwamba filamu ni plastiki. Mimi nilicheka. Nilikuwa mcheshi sana siku hizo.

Jioni hiyo, kisha kila alfajiri, tulikwenda Kyebando, kwenye nyika zilizokuwa bado hazijajengwa. Sungura wa porini hachimbi shimo. Hulala kwenye kibonde kidogo cha nyasi alizozilalia mwenyewe, masikio yamelazwa mgongoni, akikutazama unavyomkaribia bila kupepesa, hadi unyayo wako uwe karibu kumkanyaga. Hapo huruka, na kinachobaki ni kibonde chenye joto. Kamera ya mjomba ilitaka tusogee hatua nne. Jumanne hatukupiga hata moja. Jumatano nilitambaa kwa tumbo saa nzima hadi suruali yangu ya Mombasa ikapasuka kutoka mfukoni hadi gotini, kisha mjomba akapiga chafya. Nilimtukana mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, kwa lugha tatu.

Alhamisi sungura alitungoja.

Sina neno lingine. Alikuwa ameketi wima, ncha za masikio nyeusi, mita chache kutoka njiani. Mjomba akapiga picha kumi. Hakukimbia. Tulipomaliza, aliondoka kwa kutembea.

Mchana mjomba aliisafisha filamu kwenye chumba chake cha giza, akaitundika ikauke, kisha akaniita. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Picha ya tatu ilikuwa nyasi. Ya nne, nyasi. Ya tano, nyasi na kibonde kitupu. Nilianza kulaani kamera, nikalaani kapteni, nikalaani barabara ya Mombasa. Mjomba akanishika mkono akaniwekea kioo cha kukuzia juu ya picha ya kumi.

Kibondeni alichutama mtu. Ametugeuzia mgongo. Shingoni ametundika futi ya fundi, na ncha yake imegusa nyasi.

Kisha akanionyesha ya kwanza. Pazia letu lilikuwepo. Kiti chetu kilikuwepo. Juu ya kiti alikaa sungura, wima, anatazama kamera. Kati ya sharubu zake, mbili zilikuwa zimenyooka mno. Zilikuwa na vichwa vya duara.

Ng'ambo ya mbao cherehani ilinguruma. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, niliisikia.

Akidi alitazama mara moja tu. "Ichome," alisema. "Chapu. Kabla hujaiweka kwenye karatasi."

Mjomba alikaa chini. Alisema ni mtambo wa kamera umekwama, picha zimepandana. Alisema kesho ni Ijumaa. Alisema ana watoto watano. Kila alichosema kilikuwa kweli, isipokuwa cha kwanza, na sote tulijua. Alinitazama mimi, mtu aliyeona dunia, nimwambie la kufanya.

Nikamwambia, "Mjomba, picha ni picha tu."

Hilo ndilo neno ambalo nimelibeba kuliko mizigo yote.

Aliingia gizani, nami nikamfuata. Alimulika ile picha ya kwanza juu ya karatasi. Akaizamisha kwenye dawa. Tulisubiri. Masikio yalitokea kwanza. Halafu macho. Cherehani ilikuwa inanguruma. Zikatokea sharubu.

Cherehani ikanyamaza.

Tulisikia mlango wa gari. Mmoja. Halafu wa pili. Hakuna aliyepiga kelele. Tulipotoka, gari lisilo na namba lilikuwa limeshakata kona, na kanyagio la cherehani lilikuwa bado linapanda na kushuka, taratibu, bila mguu.

Ijumaa kapteni alifurahi. Aliinua picha dirishani akaitazama sana.

"Hii sungura," alisema, "anaangalia kama mtu anataka kusema kitu."

Jumamosi alikuja Rehemah, mke wa Dawudi. Alitaka kuzunguka kwenye kambi na vituo vya polisi akiuliza, na hakuwa na picha ya mumewe hata moja. Alikumbuka kwamba Jumanne alipigwa. Alimwomba mjomba hiyo, hata kama haikutoka vizuri. Mjomba alimwambia filamu iliungua. Alipoondoka, mjomba akaichoma kweli, yote, isipokuwa picha ya pili, aliyokwisha kunikatia mimi. Kisha akafunga studio na hakugusa kamera tena. Watu wengi walichukuliwa mwaka ule bila sungura yeyote. Nimejiambia hivyo kila mwaka.

Picha ile ya pili ninayo. Nilivuka nayo mipaka mingi, hadi afisa mmoja wa Busia alipoikataa akisema nikapige nyingine, picha ya pasipoti hutazama mbele.

Nilikuwa nimetazama mbele. Nilikaa kitini pale, nakumbuka, kama niliyekamatwa.

Sasa uso umegeuka kushoto, upande ilipokuwa picha ya kwanza kwenye filamu. Umegeuka zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana. Mdomo umefunguka kidogo, kama wa mtu aliyeombwa amshikie mwenzake nafasi, na bado hajajibu.