Damu Aliyokataa Kutoa

Kila asubuhi Mellen alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamwamsha mdogo wake Levis waende shule pale Kehancha. Jumatatu ile Levis hakuamka. Malaria ilikuwa imemmaliza, na viganja vyake vilikuwa vyeupe pe.

Katika hospitali moja mjini Migori, Sista Leonida, muuguzi wa zamu, aliwaambia wazi jamaa waliomleta kwamba Levis asipoongezwa damu siku hiyo hatapona. Akiba ya hospitali ilikuwa imekwisha. Damu ya mama haikupatana na ya Levis, Mellen alikuwa mdogo mno kutoa, na baba yao alikwisha kufariki. Damu ya baba mdogo Mwikwabe, mfugaji mwenye kifua kipana, ilipatana sawasawa. Akakataa katakata.

"Damu ikitoka imetoka," alisema. "Nani atanirudishia nguvu zangu? Mimi nina ng'ombe wa kuchunga."

Hasira zikampanda Mellen. Hakuwahi kumwinulia mtu mzima sauti, lakini siku hiyo aliinua mpaka wagonjwa wakageuka.

"Baba mdogo, yule dume mwekundu si mnamtoboa shingo kwa mshale, mnakunywa damu yake na maziwa? Si bado analima? Ng'ombe damu inamrudia, wewe ndiye haitakurudia?"

"Mellen, chunga mdomo!" mama alimkemea huku akilia.

"Sichungi! Levis anakufa!"

"Mtoto amesema kweli," Sista Leonida alidakia. "Mzee, ndani ya mifupa yako kuna chembe mama. Damu ikipungua, figo hutuma ujumbe huko, kazi ikazidishwa. Chembe mama hugawanyika. Nyingine hubaki kuwa mama ili zisiishe, nyingine hubadilika zikawa damu mpya. Baada ya wiki chache damu yako yote itakuwa imerudi."

Mwikwabe akakunja mkono wa shati, akamnyoshea muuguzi mkono atolewe damu.

Jioni Levis aliomba uji. Mellen alimlisha bila kumtazama baba mdogo, kwani hasira zilikuwa bado hazijamwisha. Mwikwabe akaketi kando ya kitanda.

"Ulinikosea adabu," alimwambia, "lakini kosa langu ni kubwa zaidi. Sikujua, wala sikuuliza. Ningemzika mtoto wa marehemu kaka yangu, nami nikiwa nimesimama hapo na nguvu zangu zote. Mtu asipojua jambo aulize, Mellen. Asiache hofu imwamulie."