Kitufe cha Meneja

Saa nne asubuhi.

Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha duka la Shomari. Kule mbele rafu zilikuwa na viberiti tu. Mwaka 1987, hakuna mtu Babati aliyeshangaa.

"Rudia," Shomari alisema.

Fabiola akarudia. Meneja wa mradi unaogawa dizeli hutoka kula saa sita na nusu. Mlinzi huchungulia dirishani kila baada ya dakika tatu. Kufungua sehemu ya amri za meneja kwenye kompyuta kulitaka neno la siri na mistari mitano ya kuandika. Muda usingetosha. Lakini meneja ni msahaulifu, na mwenyewe alimwomba Fabiola, karani wake, amtengenezee njia ya mkato. Sasa kitufe kimoja, F2, kilifungua kila kitu.

"Kimoja tu?" Paskali, dereva, aliuliza. "Lori langu linawashwa na watu sita wakisukuma."

Shomari hakucheka. "Kibali cha mapipa arobaini ya dizeli. Tunapakia kwenye ghala la Bonga."

"Na ishirini hospitali ya misheni," Fabiola alisema.

"Dada, nimeshaapa."

Kiapo hicho ndicho kilichomwingiza Fabiola. Mdogo wake, Ursula, alikuwa kitandani siku ya nne akingoja kupasuliwa, na jenereta ya hospitali ilikuwa kavu. Maombi halali yalikataliwa mara tatu.

Saa sita na robo.

Nyuma ya ofisi, Paskali alitema mate. "Fanya haraka. Namanga mpakani ni mbali, na mteja anayataka yote arobaini."

"Yote?"

Paskali akatazama viatu vyake. "Mimi ni dereva tu, dada."

Saa sita na dakika thelathini na nne.

Mlinzi alipita. Fabiola akabonyeza F2. Kioo cha kompyuta kikafunguka kama mlango usio na komeo. Mapipa: arobaini. Mzigo unakwenda wapi? Akaandika. Mashine ikatapika karatasi yenye matundu pembeni, ile ambayo taipureta haiwezi kuighushi. Akagonga muhuri.

Shomari aliipokea dirishani. Akapapasa matundu, akatazama muhuri, akaikunja. Miaka ile karatasi yenye muhuri haikusomwa, iliheshimiwa.

"Panda garini," alimwambia. "Nataka nikuone mpaka tuvuke kizuizi."

Saa nane na nusu.

Ghala lilitii. Kizuizini, barabara ya Arusha, sajini alisoma kibali hadi mwisho. Kazi yake ilikuwa kujua mzigo unaelekea wapi.

"Hospitali ya misheni iko njia ya Mbulu. Nyinyi mnakwenda Arusha."

Ncha ya kisu cha Shomari iligusa ubavu wa Fabiola. Kukana kibali kulikuwa kukiri wizi.

"Tumepotea, afande," Paskali alisema.

"Nakujua, wewe ni mzaliwa wa Nangara hapa hapa. Unapotea Babati?" Sajini akadandia ngazi ya lori. "Muhuri ni muhuri. Mzigo utashushwa ulikoandikiwa. Geuza."

Saa kumi.

Pipa la mwisho lilibingirika uani. Jenereta ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikashika.

"Utanilipa," Shomari alimnong'oneza Fabiola mgongoni.

Fabiola alingoja mpaka taa ya chumba cha upasuaji ilipowaka. Ndipo akamgeukia sajini.

"Afande, kibali kile nimekighushi mimi. Na huyu aliye nyuma yangu ana kisu."