Jirani Mwenye Ufunguo Wangu na Siku ya Fimbo

Siku hiyo nilitoka kazini mapema. Nikapanda ngazi kwenda kubadili nguo, nikafungua mlango wa chumba changu...

Nikamkuta mwanaume nisiyemjua amesimama juu ya kitanda changu.

Na viatu.

Anapiga picha dari.

Jamani! Nilishika kitu cha kwanza mkono wangu ulichokutana nacho, brashi ya nywele, nikamnyooshea.

"Wewe nani?"

Akashuka taratibu, mikono juu. Akasema pole dada, nimetumwa na dalali, napiga picha za nyumba inayouzwa.

Inayouzwa? Nyumba ninayolipia kodi mimi, na sijachelewesha hata mara moja, inauzwa na mimi sina habari?

Nikamuuliza nani kakufungulia. Akaangalia nyuma yangu tu.

Nikageuka. Pale mlangoni alikuwa amesimama shangazi Thelma, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ufunguo wangu uko mkononi mwake.

Sasa mnielewe. Thelma si shangazi wa damu. Namwita hivyo tangu nina meno ya utoto. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenivalisha nguo za msiba. Ule ufunguo nilimpa mwenyewe, ili nikiwa kazini aje amwangalie baba.

Nikamwambia, "Shangazi, niambie umelazimishwa."

Akasema, "Julian alinipigia simu, nikamsaidia. Tulia kwanza, Lorna."

Tulia! Mimi wa kuambiwa tulia?

Nilimnyang'anya ufunguo. Nilimtoa yeye na mpiga picha wake mpaka barabarani, na maneno niliyoyasema pale siyaandiki hapa maana kuna watoto wanaosoma. Majirani walichungulia wote. Kijiji chetu, Pilsbourne, ni kidogo hivi kwamba ukipiga chafya kanisani, baa wanakwambia afya.

Julian ndiye mwenye nyumba. Anakaa London. Nyumba aliirithi kwa shangazi yake, bibi mmoja mwema sana, na tangu airithi amekuja mara chache za kuhesabika, kila mara na viatu vyeupe. Nilipompigia alisema sheria inamruhusu kunitoa akitaka kuuza, taarifa rasmi inakuja, na wanunuzi watakuja kuiona Jumapili baada ya ibada. Akanishukuru kwa ushirikiano wangu. Ushirikiano upi sijui.

Mtasema, si uhame? Dunia si kubwa?

Ngoja niwaambie kwa nini sikuwa na pa kwenda.

Kwanza, Pilsbourne hakuna nyumba nyingine ya kupanga. Zilizobaki ni za watu wa London wanaokuja wikiendi, na zile za wageni wa likizo zenye visanduku vya namba vya kuwekea funguo mlangoni. Nyumba ya kupanga, ya mtu wa kawaida kuishi mwaka mzima, ni yangu tu.

Pili, baba.

Baba yangu Cyril alichunga kondoo kwenye vilima hivi maisha yake yote. Sasa kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo. Kuna asubuhi ananiita kwa jina la mama. Kuna siku anauliza chai aliyokwisha kunywa. Lakini akitoka mlangoni, miguu inajua. Anakwenda kanisani, anapita kijitoni, anarudi kwa Thelma, anakuja nyumbani. Hajapotea hata siku moja.

Tulimpeleka mjini mara moja tu, kwa dada yangu. Tulimkuta kituo cha mafuta, analia, anawauliza watu kondoo wake wako wapi.

Daktari aliniambia wazi: mkimhamisha, mtampoteza kabla hajafa.

Ndiyo maana nasema haikuwa nyumba tu. Ilikuwa baba.

Basi usiku ule nimekaa na hasira yangu, nikakumbuka Jumapili ile ni siku gani. Nikahisi mtu kanipiga kofi.

Ilikuwa siku ya fimbo.

Kwetu kila mwaka, mwezi wa tano, kabla ya sikukuu ya Kupaa, parokia nzima inatembea kuufuata mpaka wake. Watu wanabeba fimbo, wanapita kila jiwe la mpaka, wanalichapa. Babu zetu walifanya hivyo kabla hakujawa na ramani, na sisi tunaendelea kwa sababu hakuna aliyetuambia tuache. Mtu mgeni kuliko wote mwaka huo anabebwa juujuu, makalio yake yanagongeshwa jiweni mara tatu, ili asisahau mpaka uko wapi. Mchungaji wetu Philippa aligongeshwa mwaka aliofika. Alicheka mpaka miwani ikaanguka.

Na jiwe kuu liko jikoni kwangu.

Msicheke. Zamani sana kuna mwenye nyumba aliirefusha nyumba hii bila kuuliza mtu, ikavuka mpaka. Jiko langu liko Pilsbourne, choo changu kiko parokia ya jirani. Jiwe liko sakafuni katikati, na kila mwaka watu wanaingia mlango wa mbele, wanalichapa, wanatokea wa nyuma.

Kiongozi wao ni baba. Maneno ya kila jiwe yako kichwani mwake, alipewa na baba yake. Ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo namwona baba yule wa zamani, amenyooka, anaamrisha watu.

Halafu Thelma na Julian wamechagua siku hiyo hiyo kuleta wanunuzi!

Nilijiapiza. Kama kijiji kimeniuza, hakuna mguu wa mwanakijiji utakaokanyaga jiko langu. Na baba hatasikia mbele ya umati kwamba anafukuzwa. Nilimpigia mchungaji nikamwambia mwaka huu mzunguke nje, mlango utafungwa. Akasema, "Lorna, umeongea na Thelma?"

Nikakata simu.

Thelma naye alipiga, sikupokea. Alikuja kugonga, nikazima redio nikajifanya sipo. Aliacha keki mlangoni. Keki nikawapa kuku.

Jumapili ikafika.

Julian alikuja na viatu vyake vyeupe, na wanunuzi wawili, mume na mke. Mume anaitwa Adrian, kavaa sweta la rangi ya maziwa. Mke anauliza kila kitu kwa sauti ya chini, utafikiri nyumba imelala. Walitaka mahali pa utulivu, walisema. Wamechoka na watu.

Na nani aliingia nyuma yao, kikapu mkononi, bila kukaribishwa? Thelma.

Akateleka maji kwenye birika langu. Akawamiminia chai kwenye vikombe vyangu. Nikamsikia kwa masikio yangu anawaambia, "Pilsbourne ni kimya, mama. Mtasikia ndege tu."

Kama baba hangekuwa amekaa pale kwenye kiti chake, birika lile lingeruka.

Baba alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Anaangalia dirisha tu. Sikuwa nimemwambia ni siku gani. Niliificha hata fimbo yake, nyuma ya kabati.

Nilikuwa nimeshapiga komeo mlangoni.

Julian akaanza kuonyesha jiko. Adrian akauliza hili jiwe sakafuni ni la nini, litang'oleka? Julian akasema bila shaka, litang'oleka.

Ndipo tukasikia.

Mbali kwanza. Tak. Tak. Tak. Fimbo kwenye ukuta wa mawe, zinakuja. Halafu mbwa. Halafu sauti za watu wengi.

"Nini hicho?" Julian akauliza.

Thelma alikuwa anakoroga chai yake. Anakoroga, anakoroga, na chai haina sukari.

Wakafika mlangoni. Wakagonga mara tatu, kama desturi. Nikasimama katikati ya jiko, mikono kifuani. Nikajisemea, wagonge mpaka wachoke.

Wakagonga tena.

Thelma akaniangalia. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuona macho ya yule mama yananiomba. Sikuyaelewa. Nikageuza uso.

Nikasikia gambuti zinaanza kusogea nje, wanazunguka, wanaondoka...

Baba akasimama.

"Lorna, watu wako nje."

"Waache baba. Mwaka huu wanazunguka."

Akaniangalia kama vile mimi ni mtoto aliyesema upuuzi mezani.

"Mpaka hauzunguki," akasema.

Akanipita. Akavuta komeo. Akafungua mlango wote.

Jamani... parokia nzima iliingia. Wazee, watoto, mbwa wawili, mchungaji na kanzu yake imefungwa kiunoni, gambuti zote tope mpaka magotini, maana mvua ilinyesha wiki nzima. Mtu mmoja akampa baba fimbo. Na baba yangu, ambaye asubuhi ile alishindwa kufunga vifungo vya shati, akasimama juu ya jiwe, akachapa, akaanza kusema maneno yale kwa sauti ya kuitia kondoo bonde zima. Huku ni kwetu, kule ni kwao, kuanzia mti ule mpaka maji yale. Hakukosea neno. Machozi yalinitoka hapo hapo, sikuyafuta.

Alipomaliza akaangaza macho.

"Mgeni wa mwaka huu ni nani?"

Watu wakatazamana. Thelma, polepole kabisa, akanyoosha kijiko chake cha chai kuelekea sweta la rangi ya maziwa.

Adrian alifikiri anatambulishwa. Akatabasamu. Akanyoosha mkono wa kusalimiana.

Wakulima wanne wakamwinua.

Moja! Mbili! Tatu!

Hakuumia, msiogope, walimshusha kwa adabu. Lakini sweta lilikwisha, na mbwa mmoja alimlamba uso mzima. Mkewe alikuwa amejibana ukutani na mkoba kifuani. Akauliza kwa ile sauti yake ya chini, hii inatokea mara ngapi?

Thelma akamjibu kwa upole wote.

"Hii ni mara moja tu kwa mwaka, mama. Kengele za kanisa ndizo za kila wiki, wanafanya mazoezi. Na samadi wanamwaga shamba la nyuma siku za joto tu. Mkishanunua mtazoea. Kila mtu atakuja kuwasalimia."

Hakuna hata neno moja la uongo pale.

Hawakumaliza chai. Julian aliwakimbilia mpaka kwenye gari, viatu vyeupe vimekuwa vya rangi ya udongo. Nikawaona dirishani, mke anatikisa kichwa, anatikisa tu.

Hapo ndipo akili yangu ikaanza kurudi.

Nikamfuata Thelma uani. Nikamwambia, "Shangazi. Wewe ndiye uliyechagua siku."

"Ndiyo. Julian alitaka Jumamosi. Nikamwambia Jumapili jua litakuwa zuri."

"Na mpiga picha?"

"Ningemkatalia, Julian angetafuta mtu mwingine wa kumfungulia, na siku nyingine. Nilitaka kalenda iwe mkononi mwangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akacheka. "Mwanangu, uso wako hauwezi kuficha hata zawadi ya Krismasi. Ungejua, Julian angekusoma kabla hajashuka garini. Halafu nilipokuja angalau kukutuliza ukanifungia mlango. Keki ulikula?"

Nikashindwa hata kumwambia habari za kuku.

Nikaanza kuomba msamaha. Akanizuia. Akasema shukrani si zake, kwa sababu wazo halikuwa lake.

"La nani?"

"Julian alipopiga simu mara ya kwanza, hukuwepo. Aliyepokea ni baba yako. Akavuka uani na soksi tu, akaniambia, 'Thelma, wanataka kumtoa Lorna nyumbani kwake. Wakija kununua, waje siku ya fimbo. Usimwambie, atalia.' Nikamwahidi."

Nilikaa chini kwenye majani yenye maji.

Mnanielewa? Mimi nilikuwa namlinda baba asijue. Kumbe baba alijua kabla yangu, na yeye ndiye alikuwa ananilinda mimi.

Nikarudi ndani. Alikuwa kwenye kiti chake, tope mpaka mashavuni, anakula andazi. Nikapiga magoti. Nikamwambia baba, Thelma ameniambia. Mpango wako umefaulu.

Akaniangalia. "Mpango gani?"

Alikuwa amekwisha sahau. Kweli kabisa, si kwa utani.

Nikamuuliza, basi mlango uliufungua kwa nini?

"Watu walikuwa nje," akasema. "Mlango umefungwa. Ningefanyaje?"

Julian alijaribu tena kwa miezi kadhaa, lakini habari za sweta zilimfikia kila dalali. Mwishowe alinipigia mwenyewe, sauti imeshuka, akaniuliza kama ningependelea mkataba wa miaka mitano. Nikamwambia nitafikiria. Nikahesabu mpaka tatu, nikakubali.

Nawaambia nyie mliomkasirikia mtu wenu wa karibu na mnajiona mna haki zote: kasirika, lakini usipige komeo. Mimi nililipiga, na nusura nimfungie nje mtu aliyekuja kuniokoa. Aliyelivuta ni mzee asiyejua hata leo ni Jumapili.

Ufunguo nimemrudishia Thelma. Ameutundika pale pale, kwenye msumari wake karibu na birika. Mwezi wa tano umekaribia tena, na baba ameanza kuulizia fimbo yake. Safari hii nimeiweka karibu na mlango.