Taa Zilizowaka Saa Sita Mchana

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi umeme wa magari, mtu asiyeshtuka hata akipigwa shoti.

Mjane mmoja alimletea gari lake. Taa za mbele zilikuwa zikijiwasha zenyewe saa sita mchana, jua la utosi.

“Mama, umeweka swichi kwenye otomatiki,” fundi alimwambia. “Hiki kidude juu ya dashibodi kinapima mwanga. Kikizibwa, gari linadhani ni usiku.” Akiwa kiti cha abiria, akakifunika kwa kiganja, taa zikawaka. Alipotoa mkono, zikazima.

Mama akacheka. “Nikiendesha, marehemu alikuwa akikaa hapo ulipo, mkono hapohapo, anagongagonga vidole mpaka kero.”

Wakaenda kulijaribu, mama akiendesha. Barabara ilikuwa wazi, haina hata kivuli. Taa zikawaka. Mikono ya mama ilikuwa kwenye usukani, ya fundi mapajani. Fundi akazima redio asikilize.

Ko, ko, ko. Sauti ilitoka palepale kwenye kidude.

“Baba watoto, basi,” mama alisema, macho barabarani.

Kimya. Taa zikazima.

Kisha ikaanza tena, ko, ko, ko, nyuma ya kiti cha fundi.