Kidole cha Gires

Jumapili nyumbani kwa Mama Anne ilikuwa na utaratibu wake. Wakitoka kanisani walipanda basi hadi kwao Tottenham, wakapanda ngazi kwa kuwa lifti ya jengo lao ilikuwa mbovu tena, kisha mama akajifunga kitenge na kusonga bugali. Plamedie, binti yake wa miaka kumi na mitatu, alipakua sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mdogo wake Gires, mwenye miaka minane, alikaa mezani mapema kuliko wote, tableti mapajani, akisubiri kazi yake.

Kazi yake ilikuwa kuombea chakula. Katika ukoo wa Mama Anne, tangu walipokuwa Bukavu, aliye mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeomba, na hakuna anayegusa sahani kabla hajamaliza. Gires alikuwa na usonji, na hakuzungumza kwa mdomo. Alizungumza kwa programu ya picha. Akigusa kikombe, tableti ilisema, "Nataka maji." Akigusa mikono iliyokunjwa, ilisema sala nzima. Sauti ilikuwa ya Plamedie, ambaye alirekodi kila neno kwa Kiswahili ili mdogo wake aongee na mama yao.

Jumapili hiyo walikuwa na mgeni, Mama Tatiana, kiongozi wa kwaya ya kanisa, mwanamke mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti.

"Gires, baba, tuombee," mama alisema.

Gires akagusa. Tableti ikasema, "Sitaki!"

Wote wakakodoa macho. Gires mwenyewe alishtuka. Akagusa tena, kwa nguvu zaidi. "Sitaki! Sitaki!"

"Yesu wangu!" Mama Tatiana aliweka mkono kifuani. "Mama Anne, mtoto anakataa maombi?"

Mama Anne aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Mbele ya kiongozi wa kwaya! Alimpokonya Gires tableti na kuiweka juu ya kabati. "Itakaa huko mpaka upate adabu," alisema.

Gires alilia kilio ambacho Plamedie hakuwahi kukisikia. Akajiuma mkono. Mchana hakula, na jioni akalala na njaa.

Siku iliyofuata Plamedie alirudi kutoka shuleni na jambo hilo bado linamkereketa. Gires, akatae sala? Gires anayependa kazi yake hadi anakaa mezani kabla ya sahani? Hapana, hapo kuna kitu. Alimsubiri mama atoke kazini, kwenye kuhudumia wazee majumbani kwao, na kabla hajavua hata viatu akamwambia kwa Kiingereza kwamba anataka kuiangalia ile tableti.

"Sema Kiswahili," mama alisema.

"Tafadhali mama, naomba kuiona tableti ya Gires."

Mama aliguna, lakini akaiteremsha. Plamedie aliiwasha, akapiga ukelele. "Lo! Mama, njoo uone!"

Programu ilikuwa imejibadilisha yenyewe. Rangi zilikuwa mpya na za kupendeza, picha zilikuwa za duara, na zote zilikuwa zimepangwa upya. Pale palipokuwa na mikono iliyokunjwa, sasa palikaa mkono wa kukataa.

"Hakukataa sala, mama! Aligusa palepale anapogusa kila siku!"

"Lakini picha ya sala si bado ipo, hii hapa?" mama aliuliza. "Mbona haiangalii?"

Kesho yake walimfuata Bi Rupa, mtaalamu aliyewasaidia watoto kuzungumza katika shule ya Gires. Alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakikuwa na kutu.

"Mama Anne, ukiingia chumbani mwako gizani, swichi ya taa unaitafuta kwa macho?" Bi Rupa aliuliza.

"Hapana. Mkono unaenda wenyewe."

"Basi, na kidole cha Gires ni hivyohivyo. Amejifunza kwa miaka mahali pa kila neno. Sasa wamemhamishia maneno yake yote bila hodi."

Mama Anne aliketi kwenye benchi la korido. "Mungu anisamehe," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mtoto alikuwa anaomba, mimi nikamnyang'anya mdomo."

Waliiandikia kampuni ya programu. Jibu lilikuja haraka, tena la adabu: sura mpya imependwa na wengi, ya zamani haipo tena, mtoto atazoea.

"Atazoea!" Plamedie alifura. "Wao wakiamka asubuhi wakute ulimi umehamia kisogoni, watazoea?"

Bi Rupa alimwonyesha kwamba picha ziliweza kuhamishwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Plamedie alianza jioni hiyohiyo, akijaribu kukumbuka kila moja ilikuwa wapi. Kumbe kuona kitu kila siku si kukikumbuka. Gires alitaka mkate, tableti ikasema, "Choo." Alitaka blanketi, ikasema, "Kwaheri." Mwishowe Gires aliitupa kwenye kochi.

"Hata mimi nimechoka, Gires!" Plamedie alifoka.

Gires hakumtazama. Aliiokota tableti, akagusa tena, pembeni juu, upande wa kulia. Mara ya pili, palepale. Mara ya tatu, palepale. Plamedie alikaa akikitazama kile kidole, kisha akajipiga paji la uso. Mjinga mimi! Naumiza kichwa kukumbuka, na anayekumbuka amekaa mbele yangu!

Alikata kadibodi yenye ukubwa wa skrini, akachora miraba mitupu. Aliweka kikombe cha maji mezani, akamsogezea Gires kadibodi. Gires alikitazama kile kikaratasi kisicho na picha, halafu kidole kikatua bila kusitasita. Plamedie alihamisha picha ya maji hadi hapo. Akaleta kiatu, kidole kikatua. Mkate ukaangukia pembeni juu, upande wa kulia. Alicheka kwa sauti, na Gires akapigapiga viganja kama afanyavyo akifurahi.

Haikuwa kazi ya jioni moja. Siku nyingine Gires aliziba masikio baada ya maneno mawili, na Plamedie alijifunza kuacha. Maneno yasiyoshikika yalimtoa jasho. Ili kupata "kelele" aligonga sufuria hadi jirani wa chini akagonga dari yake kwa fagio. Lakini hakulegea. Akitoka shuleni alikula, akafanya kazi za darasani, akachukua kadibodi.

La mwisho lilikuwa sala. Mama aliandaa meza kama Jumapili, akakunja mikono. Kidole kilitua katikati kabisa. Plamedie alihamisha picha, akamrudishia mdogo wake tableti.

"Baba Mungu, aksanti kwa chakula hiki. Bariki mikono iliyokipika. Amina."

Mama alimkumbatia Gires, akalia, bugali ikapoa.

Mama alidhani mambo yamekwisha. Plamedie hakukubali. "Wako watoto wengine wanaolia kama alivyolia Gires, na hawana kadibodi," alisema. Bi Rupa alimsaidia kuandika barua, wakaambatanisha video ya kidole cha Gires kikifanya kazi. Hawakujibiwa. Alituma tena, akapuuzwa tena. Alipotuma kwa mara nyingine, kijana mmoja wa kampuni, Pradip, aliomba wazungumze kwa video. Mama na Bi Rupa walikaa pamoja na watoto.

Pradip hakujitetea. Alikiri kwamba walipobadilisha programu hawakumshirikisha mtumiaji hata mmoja kama Gires. Aliahidi kuweka njia ya kila mtu kubaki na mpangilio wake wa zamani. "Plamedie," aliuliza, "mdogo wako angependa nini kingine?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tena kwa Kiingereza kizuri. Plamedie alilimeza. "Muulize yeye. Yuko hapa."

Pradip aliuliza. Kimya. Alikohoa, akataka kuendelea, lakini mama aliinua kiganja kumzuia. Wakangoja. Kidole kikaenda taratibu kutoka picha hadi picha.

"Yangu," tableti ilisema. "Yangu. Uliza kwanza."

Plamedie alitafsiri vilevile, bila kuongeza neno. Pradip aliinamisha kichwa, akasema amesikia.

Simu ilipokatika, mama aliwashika watoto wake mikono. "Nataka kusema kitu, Bi Rupa awe shahidi," alisema. "Nimewakasirikia sana hao watu wa kampuni. Lakini wao walimhamishia Gires maneno bila kumuuliza, na mimi nilimhukumu bila kumuuliza. Kosa letu ni moja. Plamedie, wewe hukuchoka kumpigania, na leo umefanya kubwa zaidi: ulikaa kimya aseme mwenyewe. Kuanzia leo, humu ndani mtu ataulizwa kwanza, na jibu lake litasubiriwa, hata likichelewa."

"Nataka kutoka nje," Gires alisema kwa kidole chake.

Wakaenda kutafuta makoti.