Kichwa cha Tano

Bodi ya kompyuta ile ilikuwa na nafasi nne za diski, wala si tano. Fundi Bisibisi aliijua kama anavyojua meno yake. Kwa hiyo mchana ule skrini ilipoorodhesha diski tano, alicheka.

"Mashine nayo inazeeka," alimwambia binti yake wa miaka sita, aliyekuwa chini ya meza akichezea waya.

Akazima, akawasha. Tano tena.

Diski ya nne ndiyo iliyokuwa roho yake. Ilihifadhi sauti ya marehemu mkewe, rekodi kumi na mbili za nyimbo alizomwimbia mtoto akiwa bado tumboni. Alifariki akijifungua. Binti hajawahi kuzisikia. Baba alikuwa akingoja akue kidogo. Sasa diski imeanza kukwaruza, na fundi alitaka kuzihamisha kabla haijakata kauli.

Akaifungua. Rekodi kumi na moja. Akapepesa macho. Kumi. Ile diski ya tano, isiyo na jina, ilikuwa inajaa.

Harufu ya nywele zilizoungua ikatanda. Akachomoa diski tatu nyingine. Skrini ikashikilia tano. Ya mkewe hakuthubutu kuigusa.

Akakimbilia mlango wa pili kwa bibi mganga, ambaye fundi kila siku alimtania kuwa majini wake hawajui umeme. Bibi alifika, akanusa, wala hakumrudishia utani.

"Mlango gani umeuacha wazi, mwanangu?"

Fundi akainama. Waya wa umeme ulikuwa na vichwa vitano vya kuchomekea. Vinne vilikuwa vya diski. Cha tano kilining'inia mkononi mwa mtoto. Mwalimu aliyemfunza fundi kazi alimkanya tangu siku ya kwanza: kichwa kisicho na kazi kifunge kwa utepe. Yeye aliona ni maneno ya uzee tu.

"Hicho ndicho kinywa cha jini," bibi alinong'ona. "Nikikikata, alichomeza anaondoka nacho."

"Zimebaki mbili, bibi! Subiri, nakusihi, niache ninakili hata moja, hata nusu yake, hata pale anapokohoa kabla ya kuanza, maana mimi sauti ile nimeanza kuisahau, naitafuta kila asubuhi siipati, na huyu mtoto nitamwambia mama yake alikuwa nani?"

"Amebakisha moja. Kisha atakula nini?"

Fundi akamtazama binti yake. Akajiziba uso, akaitikia kwa kichwa. Bibi akasoma dua, akashika koleo, akakata. Skrini ikazimika. Harufu ikapungua.

Alipowasha tena, hesabu ilikuwa sawa: diski moja tu, ya mkewe. Ilikuwa tupu; hata ile rekodi ya mwisho ilikuwa imemezwa. Fundi akalia kama mtoto, bila haya.

Bibi alikuwa anavaa viatu mlangoni wimbo ulipoanza chini ya meza. Kikohozi kwanza, kisha sauti ya mwanamke mzima, laini, yenye kukwama kidogo kwenye ubeti wa pili.

Bibi akageuka. "Nani huyo anaimba?"

Fundi akainama chini ya meza. Nywele za binti yake zilikuwa zinanuka moshi.

"Ni mtoto tu, bibi. Asante sana. Kila kitu kimekwisha."

Akafunga mlango, akasukuma komeo, akapiga magoti kando ya meza.

"Imba ya pili," akasema.